Mtumishi Hawezi Kuwa Muuaji

Mwaka jana nilinunua kitabu kuukuu pale Tom Mboya, kwa wale wauzaji wa inama, shilingi mia moja na hamsini baada ya kuvutana kidogo. Jalada lilikuwa limechanika na kwenye ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika hesabu za nauli. Kilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1926. Vitabu vya aina hiyo nilivisoma sana nikiwa mdogo, lakini hicho kilikuwa hakijanifikia. Nilianza kukisoma kwenye matatu nikirudi Tassia, jamu ya Outering ikiwa imetusimamisha Donholm, na nikafika mahali ikabidi nikifunge.

Si mahali pa mauaji. Mauaji kwenye vitabu hivi hayamnyimi mtu usingizi. Maiti ni kama kipenga cha refa, kinalia halafu mechi inaanza. Kilichonishika ni jambo dogo linalokuja baadaye. Tajiri amekufa kwenye nyumba yake kubwa ya kijijini. Polisi wanahesabu pesa zilizokuwa chumbani kwake wanakuta pauni arobaini hazipo. Swali linalofuata linatoka haraka, kama vile halihitaji kufikiriwa: ni nani anayeingia chumba hicho? Na jibu ni wajakazi. Yule anayetandika vitanda, na mwenzake aliyekuwa amepewa notisi ya kuacha kazi.

Nikafunga kitabu nikatazama nje. Jamaa alikuwa anauza njugu kati ya magari. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tena, nimesimama sebuleni kwetu, ghorofa ya tatu, na mimi ndiye niliyekuwa mpelelezi.

Kama hujawahi kusoma hadithi hizi, muundo wake ni rahisi. Zilishamiri Uingereza kati ya vita viwili vikuu, miaka ya 1920 na 1930. Kuna nyumba kubwa ya mashambani, wageni wachache wa maana, chakula cha jioni. Asubuhi mtu anakutwa amekufa kwenye maktaba. Theluji imeziba barabara au milango ilikuwa imefungwa kwa ndani, kwa hivyo hakuna mgeni wa kulaumiwa. Muuaji ni mmoja wa waliokuwemo. Anakuja mpelelezi, anauliza maswali ya adabu, na mwishowe anawakusanya wote sebuleni na kumtaja mwenye makosa. Inasemwa kwamba watu walizipenda kwa sababu walikuwa wametoka kwenye vita vilivyoua mamilioni bila mtu kuweza kunyooshea kidole muuaji mmoja. Hapa angalau maiti ni mmoja na mwenye kosa ni mmoja. (Sisi nasi tuna kumbukumbu yetu ya vita hivyo, tunainunulia mitumba na nyama choma: Kariakor. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza dhidi ya Wajerumani, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Hakuna mpelelezi aliyewahi kuwakusanya wahusika sebuleni kwa ajili yao.)

Nilipokuwa mtoto nilidhani hadithi hizi zinahusu ploti yetu. Usicheke. Geti lilifungwa saa tano usiku, soja akabaki na funguo. Kila ghorofa ilikuwa na grili yake. Ukichelewa ulipiga simu, ukaomba, ukatoa kitu kidogo. Kitu kikipotea baada ya saa tano, aliyekichukua alikuwa ndani nasi. Kwangu nyumba ya lodi huko Uingereza na gorofa ya Tassia yenye nguo zilizoanikwa kwenye kila veranda zilikuwa kitu kimoja, ila yao ilikuwa na maji.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa wanne nyumbani: mama, mimi, mdogo wangu, na dada wa kazi. Tulimwita Anti. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake wa kanisani, na wiki hiyo alikuwa na shilingi elfu kumi na nane za watu kwenye bahasha, ndani ya droo ya kabati chumbani kwake. Ijumaa aliziweka. Jumapili baada ya ibada akaenda kuzichukua, droo ikawa na kila kitu isipokuwa bahasha.

Jirani mmoja alimshauri aende kwa daktari wa Kitui, wale ambao matangazo yao yamebandikwa kwenye kila mlingoti wa stima, anayemtaja mwizi kabla jua halijatua. Mama alikataa. Sisi si watu wa kuenda kwa waganga. Nami nilikubaliana naye kwa sababu zangu: nilijua mbinu bora zaidi. Nilijua ushahidi.

Hakuna aliyeniuliza. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakinisikia wakisimulia hivi hukimbilia kunitetea kwamba nilikuwa mtoto tu, nimesukumwa. Nilijitolea mwenyewe. Nikasema, "Mama, mimi najua," kisha nikaeleza kwa mpangilio. Kwanza, Jumamosi Anti ndiye peke yake aliyebaki nyumbani kuanzia asubuhi hadi saa nane. Pili, Ijumaa jioni nilimwona akitoka chumbani kwa mama na kufunga mlango nyuma yake. Tatu, Jumamosi usiku alinunua kredito na kukaa kwenye ngazi nusu saa nzima akizungumza kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Kwa nini ashuke ngazini kama hakuwa na la kuficha? Nilisema yote hayo Anti akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina sabuni.

Akasema aliingia chumbani kuweka nguo alizopiga pasi. Ilikuwa kweli, nguo zilikuwa pale. Hakuna aliyeenda kuziangalia.

Mama akamwambia alete begi lake. Likamwagwa kwenye zulia la sebuleni, mbele ya TV. Leso mbili, sweta, kopo la mafuta ya kujipaka, daftari la nyimbo, na picha ya mtoto wa kike wa miaka kama minne amevaa gauni la Krismasi. Hatukujua ana mtoto. Alipoajiriwa alisema hana, kwa sababu kila mtu Nairobi anajua ukisema una mtoto unaambiwa tutakupigia. Ile simu ya ngazini ilikuwa ya mtoto. Alikuwa na homa, yuko kwa nyanya yake. Anti alieleza hivyo akiokota vitu, bila kulia. Na mama akasema neno ambalo nilidhani ni la akili sana wakati huo: "Kumbe huwa unaweza kudanganya."

Kesho yake asubuhi hakuwepo. Aliondoka kabla hatujaamka, soja akamfungulia geti. Ilikuwa tarehe kumi na tisa. Mshahara wa mwezi huo hakuudai, na hatukuufikiria.

Wiki saba baadaye mama alitoa mkoba wake mmoja wa zamani ampe binamu yetu. Bitana ya ndani ilikuwa imechanika. Bahasha ilikuwa imeteleza humo, kati ya bitana na ngozi. Alikuwa ameihamisha kutoka kwenye droo Jumamosi asubuhi akiwa mbioni, akasahau. Nilikuwa mlangoni alipoikuta. Alikaa kitandani muda mrefu, kisha akasema, "Ni shetani tu alitaka kutuvuruga." Tangu hapo hatukulizungumzia.

Sentensi hiyo ya mama inanirudisha kwa mpelelezi mwingine, wa kwetu. Mwaka 1960 kilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, hadithi iliyokuwa imeshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Ndani yake ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Unaweza kuona ndugu zake wa Uingereza kwenye sura yake; Sherlock Holmes hayuko mbali. Lakini tatizo analokabili si la Kiingereza hata kidogo. Tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuwaachia mizimu kesi hiyo. Bwana Msa anakataa. Kwake kifo kina mtendaji, na mtendaji ni mtu mwenye jina na sababu.

Nikiwa shuleni nilifundishwa kwamba hapo sayansi inashindana na ushirikina, na ndilo jibu lililopata alama. Siku hizi naona jambo jingine. Kukataa mzimu ni kusema kwamba tendo lisikose mwenyewe. Sasa angalia tulichofanya sisi. Pesa zilipopotea tulikuwa wafuasi wa Bwana Msa: sababu, ushahidi, mtendaji. Pesa zilipopatikana, na mtendaji akawa sisi, ghafla tukawa na mzimu. Shetani ndiye aliyefanya. Huyo shetani hafukuzwi kazi, na begi lake halimwagwi.

Rudi kwenye kitabu cha Christie. Nitatoboa siri mbili ndogo. Ile kubwa nakuachia. Zile pauni arobaini hazikuchukuliwa na mjakazi yeyote. Alizichukua mpwa wa tajiri mwenyewe, msichana mrembo wa ukoo anayekaa humo humo ndani, aliyekuwa amechoka kuombaomba. Na anapokiri, mwanaume anayempenda anajaribu papo hapo kujitwika lile kosa, aseme pesa alipewa yeye. Kosa la mpwa linakuwa mlango wa mapenzi. Siri ya pili ni hii: kati ya wajakazi wote, ni mmoja tu anayepewa hadithi yake mwenyewe, mwenye siri, machozi na moyo. Naye inagunduliwa mwishoni kwamba si mjakazi hasa. Ni binti wa watu wenye jina waliofilisika, na kwa siri ni mke wa mwanaume wa tabaka la nyumba ile. Kwa maneno mengine, ili mwenye aproni awe na nafsi, ilibidi kwanza avuliwe aproni.

Simlaumu sana Christie. Aliandika alichokiona, na mahali pengine anawacheka matajiri wake kuliko wakosoaji wanavyomsifia. Lakini kulikuwa na sheria hadi zilizoandikwa. Mwaka 1928 Mmarekani aliyejiita S. S. Van Dine alitoa kanuni ishirini za hadithi za upelelezi, na ya kumi na moja inakataza mtumishi kuwa muuaji. Sababu yake haikuwa huruma. Muuaji, kwa maoni yake, awe mtu wa maana, mtu ambaye msomaji hangemdhania. Mwaka uliofuata padri Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, akatoa amri kumi zake, na ya tano ilisema asiwemo Mchina. Alikuwa anadhihaki waandishi wa hovyo waliozoea kumtwika Mchina kila uovu, lakini ona jinsi dawa ilivyofanana na ugonjwa: badala ya kumfanya mtu, wamfute.

Niliposoma kanuni ya Van Dine mara ya kwanza nilicheka. Nikafikiri: huyu angekuja Tassia angekufa njaa. Hapa kitu kikipotea, mboch ndiye mshukiwa nambari moja. Wa pili ni soja. Wa tatu ni fundi aliyekuja kutengeneza bomba mwezi uliopita. Orodha haifiki kamwe kwa watu wenye ukoo. Kwao mtumishi hawezi kuwa muuaji, kwetu hawezi kuwa mtu mwingine. Nilidhani hizo ni kanuni mbili zinazopingana, hata nikamtumia rafiki yangu voisi ya dakika tatu nikimweleza jinsi Waingereza walivyokuwa afadhali.

Nilikosea. Ni kanuni ile ile. Kushukiwa ndani ya vitabu hivyo ni heshima ya aina fulani. Ili nikushuku kama Poirot anavyoshuku, lazima nikubali kwamba una mambo yako: wivu, deni, ndoto, hasira ya miaka kumi, akili ya kupanga. Lazima niulize ulikuwa wapi na nisikilize jibu. Mjakazi wa Van Dine hafikiriwi kuwa na ukubwa huo, ndiyo maana anaachwa. Na Anti hakufikiriwa kuwa nao pia. Hatukumshuku, tukisema kweli. Tulimwangukia. Mshukiwa huulizwa maswali ambayo majibu yake yanaweza kubadilisha mawazo ya anayeuliza. Anti alijibu maswali yote matatu, kwa ukweli, na kila jibu likageuzwa kuwa ushahidi mwingine. Mmoja anaachiliwa bila kutazamwa usoni, mwenzake anahukumiwa bila kutazamwa usoni.

Rafiki yangu huyo wa voisi alinijibu kwa busara. Yeye ni mhasibu, hapendi maneno mengi. Akasema: lakini ushahidi ulielekea kwake. Ungefanyaje? Pesa za watu zimepotea, mama yako ana watoto wawili, na watu wa kazi wengine huiba kweli, usijifanye hujui. Najua. Tassia hii hii kuna waliorudi wakakuta nyumba imebaki misumari. Sisemi kushuku ni dhambi. Asiyeshuku kabisa mjini hufika mwisho wa mwezi bila simu.

Ila kuhusu ushahidi "kuelekea", hapo nina la kusema, kwa sababu nilikuwepo nilipoushika ule tochi. Ijumaa ile usiku mama yetu mdogo alilala kwetu, chumbani humo humo kwenye kabati, na Jumamosi asubuhi akaondoka na mkoba mkubwa. Sikumtaja. Simaanishi alichukua, hakuna aliyechukua. Namaanisha jina lake halikupita hata akilini mwangu, mimi mpelelezi hodari. Mdogo wangu alikuwa na mchezo wa kuficha vitu. Sikumtaja. Mama mwenyewe alikuwa anasahau funguo kila wiki, na kama tungeanza na mikoba yake tungemaliza kazi kwa dakika kumi. Ushahidi wote ulimwelekea Anti kwa sababu ni yeye peke yake tuliyemmulika.

Na hapa pia kuna jambo nililolijua miaka mingi baadaye. Wakati ule wanawake wa chama walikuwa wamemshuku mama. Walisema pembeni kwamba mweka hazina amekula pesa, kwamba hadithi ya kuibiwa ni ya kawaida. Alizilipa kidogo kidogo kwa miezi kabla bahasha haijaonekana, na wawili hawakumsalimia tena. Kwa hivyo mama alikuwa anashukiwa na waliokuwa juu yake, akahitaji mtu wa kumshukia. Nyumba ya tatu maji hayapandi, lakini haya mengine hushuka yenyewe. Anti hakuwa na wa chini yake.

Kisa mashuhuri cha Kenya cha nyumba kubwa na maiti ya lodi kinafahamika. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll, mmoja wa wakubwa wa walowezi, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje ya barabara karibu na Karen. Waliomkuta ni Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa Nairobi alfajiri. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa mpenzi wa marehemu. Kesi ilianza Mei, na tarehe mosi Julai akaachiliwa. Vitabu na filamu vimeandikwa, na hadi leo watu wanabishana nani aliyefyatua.

Sipendi kubishana nani. Napenda kutazama namna alivyoshukiwa. Aliletewa wakili hodari kutoka Afrika Kusini aliyeichambua risasi hadi upande wa mashtaka ukakosa la kusema. Alihukumiwa na baraza la wazee wa mahakama, walowezi wenzake, haki ambayo katika Kenya ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alisikilizwa na jaji pamoja na washauri ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Na nje ya mahakama, wanaume wa Kiafrika walitembea na kipande shingoni, ambamo mwajiri aliandika lini mtu ameingia kazini na lini ametoka. Bila saini yake hukuajiriwa kwingine. Yaani mmoja tuhuma yake ilikuwa tukio, na wengine tuhuma yao ilikuwa hali ya kila siku, iliyofungwa kwa kamba. Siku hizi anayetafuta kazi ya nyumbani kupitia ofisi za ajira huulizwa cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Mwajiri haulizwi chochote. Mama hakuulizwa.

Broughton aliachiliwa na bado tuhuma ilimla. Mwaka uliofuata, akiwa amerudi Uingereza, alijiua hotelini Liverpool mwezi Desemba. Kwa hivyo sitasema kwamba wakubwa hawaumii. Nasema bei si moja. Kwa mwenye nyumba, kushukiwa ni jioni mbaya, labda hata miaka mibaya. Kwa anayelala kwenye godoro la sebuleni kwako, kushukiwa kunachukua kitanda, mshahara, chakula, na jina atakalotumia kuomba kazi inayofuata, vyote kwa asubuhi moja. Kama bei inatofautiana hivyo, basi uhakika unaotakiwa kabla ya kufungua mdomo nao utofautiane. Mimi nilikuwa na uhakika wa kumtosha mtoto anayesoma vitabu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Hiyo ni ya mahakamani. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 41, inaenda mbali kidogo: kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake pembeni. Nimejaribu kupiga picha ya Anti akiwa na mwenzake pembeni sebuleni kwetu. Angekuwa nani? Pengine dada wa kazi wa nyumba ya kando, waliyekuwa wakianika nguo pamoja kwenye paa. Pengine huyo angesema tu, "Nguo si hizi hapa, zimepigwa pasi."

Lakini sheria haiwezi kunijibu swali langu, maana si la kisheria. Swali ni kama nina deni. Kwenye hadithi za upelelezi hakuna anayedaiwa. Poirot akishamtaja muuaji, wale wengine saba aliowavua siri zao mbele ya wenzao wanasimama, wanavuta pumzi, wanaenda kuoana au kula. Hakuna anayewaambia pole. Ukweli umepatikana, na ukweli unalipia kila kitu. Nililelewa na imani hiyo. Kwa miaka nilijiambia kwamba bahasha ilipopatikana mambo yalijirekebisha yenyewe: sasa tunajua Anti hakuiba. Lakini tunaojua ni nani? Mama, mimi, mkoba. Yeye alijua tangu mwanzo. Ukweli ule haukumfikia wala haukumhitaji. Alichobaki nacho ni yale yaliyotokea kwenye zulia, na picha ya mtoto wake mikononi mwa mtu mwingine.

Rafiki yangu mhasibu anasema kama ni deni, basi lina kiasi. Ni utani wake, lakini nilichukua kalamu. Mshahara ulikuwa elfu nne na mia tano kwa mwezi, chini ya kima cha chini cha serikali hata wakati huo. Siku kumi na tisa. Shilingi elfu mbili, mia nane na hamsini. Hiyo ndiyo sehemu inayohesabika, na ni aibu jinsi ilivyo ndogo.

Mwezi wa nane nilienda kwa mama. Siku hizi ana dada mwingine wa kazi, wa kuja asubuhi na kurudi jioni. Nikamuuliza kuhusu Anti. Alinyamaza, akaenda kabatini, akarudi na daftari lake la zamani la namba za simu. Kwenye herufi A kulikuwa na "Anti wa kazi" na namba. Hakuna jina. Nikamuuliza jina lake nani. Akataja la kwanza, akasita, akasema la pili hakumbuki kama aliwahi kuuliza. Kisha akasema, "Mwambie..." na hakumaliza. Akarudi jikoni.

Nilipiga simu hiyo usiku, kwangu, geti likiwa limeshafungwa. Iliita hadi ikakata. Nikapiga tena kesho yake, ikaita. Nikafungua M-Pesa nikaweka namba, nikaandika 2850, maana unajua kabla ya kutuma inakuonyesha jina la mpokeaji. Likatokea. Majina mawili, ya kike. La kwanza si lile alilolitaja mama, lakini watu wana jina la kanisani na jina la nyumbani, na namba nazo zikikaa bila kutumika hupewa watu wengine. Huenda ni yeye. Huenda ni mama fulani Bungoma au Machakos atakayedhani ni pesa zimepotea njia, na kunipigia azirudishe.

Nilikaa nikiyatazama majina hayo hadi simu ikajizima kioo. Nikaiwasha, nikaandika pini tarakimu tatu. Chini soja alikuwa anamfungulia mtu aliyechelewa, nikasikia mnyororo.